Sahihi ya Bwana Mdogo

Mhandisi wa pampu alikuwa na miaka arobaini na minne, magoti mawili mabovu, na hasira moja nzima isiyo na ufa. Chanzo chake kilikaa kwenye kiti cha kuzunguka: Bwana Mdogo, kijana ambaye mhandisi mwenyewe ndiye aliyemfundisha kushika spana; kijana akaondoka miaka mitatu, akarudi na shahada ya biashara, akawa mkuu wake.

Tangu hapo kila ripoti yake ilirudi na maneno yaleyale: "Fupisha. Weka picha." Alipoonya kuwa pampu namba tatu inatetemeka, wakubwa walikaa, wakatafakari kwa kina, wakapitisha rangi mpya ya geti.

Siku geti lilipong'aa, alichukua fomu ya kusomea biashara.

"Mama watoto, na umri huu?" mumewe aliuliza. "Ukakae dawati moja na vitoto?"

"Nitakaa. Hao ndio watakaonipangia kazi kesho. Bora niwajue mapema."

Fomu ilidai sahihi ya mkuu wa kazi, na mwisho wa kuirudisha chuoni ulikuwa leo, saa kumi jioni.

Bwana Mdogo aliisoma huku meno yote nje. "Shikamoo, bosi mtarajiwa! Mama, wewe ni mtu wa grisi. Biashara ina lugha yake."

"Lugha gani? Ya kupaka geti?"

Meno yakarudi ndani. "Haya, nitasaini. Ila katoe kufuli yako pale namba tatu. Wageni wanakuja saa nane, waione inazunguka."

Kiwandani kulikuwa na sheria moja iliyoandikwa kwa vidole vilivyokatika: anayetengeneza mtambo huifunga swichi kwa kufuli yake, na mwingine haigusi. Namba tatu ilikuwa bado mikononi mwa mhandisi.

"Mhimili haujakazwa," mhandisi akasema. "Ukizunguka utachomoka, uwakute wageni wako na vikombe mkononi."

"Dakika kumi tu! Unaona? Ndiyo maana biashara huiwezi. Hujui kulegeza."

"Kulegeza?" Sauti yake ilivuka ukuta hadi kwa wachapaji. "Sheria ya kufuli nilikufundisha mimi! Una vidole kumi kwa sababu yangu. Vihesabu!"

Na Bwana Mdogo, pamoja na shahada yake, akatazama mikono yake.

Mhandisi aliinyakua fomu, ikachanika pembeni. Kufuli akaiacha ilipo.

Chuoni, karani wa mapokezi aliigeuza fomu huku na huku. "Mama, hapa pa mkuu wa kazi panatakiwa sahihi. Wewe umeandika barua."

"Isome."

Karani akasoma: *Amekataa kusaini kwa sababu nimekataa kuwasha mtambo usiokazwa mbele ya wageni.*

"Hii siwezi kupokea."

"Utapokea. Kama ni kunikataa, wanikatae wenye chuo, tena kwa maandishi. Si wewe, wala si mkuu wangu."

Karani aliisoma tena, polepole, midomo ikicheza. Kisha akatazama mlango wa mkuu wake mwenyewe, uliofungwa, akachukua muhuri wa "Imepokelewa" na kuugonga juu ya fomu kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.