Mshono wa Kidevuni

"Imba," fundi alisema.

Msichana mgeni aliyesimama mbele ya kioo aligeuza macho tu, maana kichwa chake chote kilikuwa kimechomekwa pini. "Hapa, mama?"

"Hapa hapa. Fungua kinywa mpaka mwisho. Ushungi wa mwimbaji ukipimwa amefunga mdomo utamkaba."

Alisema hivyo akiutazama mshono, si mtu. Kwenye kona, binti yake aliyekuwa akipiga pasi nguo za wateja aliinua pasi, akaishikilia hewani kidogo, kisha akaendelea.

Mgeni akaimba. Sauti nzuri, hakuna wa kubisha, ingawa juu ilitetemeka kidogo. Aliimba ubeti ambao nusu ya mji ilikuwa ikiuimba:

"Kichwa ni changu, kitambaa ni changu,
na sauti je, mnadhani ni ya nani?"

Ubeti huo uliandikwa katika chumba hiki hiki, na huyo mpiga pasi. Enzi hizo aliitwa Chiriku, kwa kuwa hakunyamaza hata akila. Alianzisha kikundi na rafiki yake mpiga gitaa, wote wawili wamejifunga ushungi kama kawaida yao, wakipiga muziki wa vijana wa kutikisa madirisha. Waliimba mambo yao wenyewe: mwajiri aliyemwambia mmoja wao aje kazini kichwa wazi, jirani aliyesema aliyejistiri hapaswi kupaza sauti. "Wale wanataka tuvue, hawa wanataka tunyamaze," Chiriku alikuwa akisema, "na hakuna hata mmoja aliyetuuliza tunataka nini." Fundi alikuwa akicheka chini chini, halafu akiwakumbuka majirani anakunja uso.

Ni majirani hao waliomponza. Chiriku alipoomba ushungi mpya kwa ajili ya onyesho lao la kwanza la ukumbini, fundi alimpima akiwa amefunga mdomo, kama anavyopima watoto wa shule. Alipokaa kwenye cherehani akapunguza upana wa kidole kimoja chini ya kidevu. Ubane vizuri, aliwaza, usionekane hata unywele mmoja, wasipate la kusema. Kidole tu! Haikumpitikia kabisa kwamba mtu anaimba na kidevu pia.

Mbele ya ukumbi uliojaa, Chiriku aliimba ubeti wa kwanza kama mtu mwenye jino bovu. Wa pili ulipopanda juu, akaingiza kidole chini ya kidevu, akavuta apate kupumua. Mshono ukaachia, ushungi ukateleza mpaka mabegani. Simu zote zilikuwa juu. Kesho yake kila mwenye simu alikuwa ameshaziona nywele za binti wa fundi, na waliocheka na waliolaani wakakubaliana kwa mara ya kwanza maishani mwao: kajivua mwenyewe, anatafuta jina.

Fundi angeweza kusema neno moja tu. Badala yake alimwambia mwanawe, aliyekuwa akilia mpaka kwikwi, "Ushungi huu haukushonwa kwa ajili ya jukwaa." Ilikuwa kweli tupu, na alidhani ni yeye peke yake aliyejua ni kweli kiasi gani. Aibu ya ufundi na aibu ya umama zilimziba kinywa kwa pamoja. Siku zikapita, na kila siku iliyopita ilizidi kulifanya neno lile kuwa gumu kutamka. Chiriku hakuimba tena, hata akifua.

"Hapo pamekaa," fundi alimwambia mgeni, akaweka alama ya chaki.

Mpiga gitaa aliyekuwa akisubiri kwenye kigoda aliinuka, akamsogelea rafiki yake. "Kesho tunarekodi," alisema kwa sauti ya chini. "Sema neno tu, mwenzangu. Huyu nilishamwambia mapema kwamba nafasi ina mwenyewe."

"Mwenyewe alijivua mbele za watu," Chiriku alijibu, macho yakiwa kwenye pasi. "Hamkusikia? Mnipandishe tena mzomewe na nyie?"

Fundi alikuwa na pini tatu mdomoni. Mtu mwenye pini mdomoni ana haki ya kunyamaza, naye aliitumia haki hiyo mpaka wageni wakaaga na mlango ukafungwa. Hapo ndipo alipozitemea kiganjani.

"Mwanangu. Ule wako niliubana mimi."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Kidole kimoja. Niliupima siku ile ile kwa futi yako, nikaulinganisha na wa zamani."

Fundi aliegemea cherehani. "Na muda wote huo umeninyamazia?"

"Wewe ndiye uliyeshona, mama. Nilikuwa nasubiri useme. Na si kuniambia mimi, mimi nilishajua. Uwaambie watu."

Hakukuwa na hasira katika sauti yake, na hilo ndilo lililomuumiza fundi zaidi. Hasira angejua namna ya kuibembeleza. Alimtazama binti yake akikunja shati la mteja, kola juu, mikono nyuma, kimya kama mtu aliyezaliwa hivyo, akajuta.

Alitoka mbio, futi ikimning'inia shingoni, miguu haina viatu. Wasichana wawili walikuwa wamekaribia duka la kona.

"Nyie wanangu! Subirini!"

Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. Wasichana waligeuka. Mwenye duka akachungulia dirishani. Kwenye benchi lililokuwa nje, majirani waliacha mazungumzo yao wakamkodolea macho, na mmoja wao akaipunguza sauti ya redio. Wote wakatulia, wakimngoja aseme alichowaitia.