Injini Iliyolilia Jina

Nelima alikuwa amekaa kwenye kreti ya soda nje ya karakana yao, karibu na soko la Kibuye, akisugua spana kwa mafuta ya taa. Spana zenyewe zilikuwa safi tayari. Alizisugua juzi na jana pia, kwa sababu tangu dizeli ipande bei mwaka ule wa 1974, wenye visiagi vya mahindi walikuwa wamezima mashine zao, na mashine iliyozimwa haiharibiki. Mumewe Walubengo, fundi aliyejulikana Kisumu nzima kwa kuponya injini na kwa kununa, alikwisha kutamka neno lenyewe wakati wa chai: mwezi huu ukipita hivi, wanauza vifaa na kurudi Kimilili kulima. Nelima aliipenda Kisumu, joto lake na kelele zake. Neno hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki ngege.

Jua lilipopanda, lori lilileta injini ya kisiagi kutoka Kisian. Mwenyewe, Bwana Gordon, aliteremka kwanza. Nyuma yake alishuka Seline, mwanamke aliyemwajiri kuisimamia mashine.

"Ina shida gani?" Walubengo aliuliza.

"Inalia," Gordon akasema.

Wakaiwasha. Ilizunguka kidogo, ikakwama, ikaangua kilio. Kilikuwa kilio cha mtoto mchanga, cha kujikaza na chenye kwikwi. Walubengo alifungua nozeli akaipuliza, akabadilisha pete za pistoni, akakaza kila kilichokazika. Injini ikazidi kulia. Wauza nyanya wa ng'ambo ya barabara wakaanza kuibembeleza kwa nyimbo.

Nelima alikuwa amelea watoto sita na kilio hicho alikijua. "Baba Enos, weka spana chini," akasema. "Hii inalilia jina."

Walubengo hakubisha, aliona haya tu kwamba hakung'amua mwenyewe. Kwao Bukusu, na kwa Wajaluo vilevile, mtoto akilia bila kukoma hutajiwa majina ya waliokufa, na jina litakalomnyamazisha ndilo lake. Basi akanawa mikono, akavua kofia, akaanza na babu yake Wakhisi, akapitia wajomba, akaumaliza ukoo mzima hadi wale waliofia vitani Burma. Injini ikalia tu.

"Mzee, hii ni injini ya Kisian," Gordon akasema. "Unaiitia Wabukusu, itanyamaza kweli?"

Wauza nyanya walicheka mpaka wakashika mbavu. Gordon akachukua zamu, akataja baba yake na baba za baba yake. Injini ikalia mpaka ikapaliwa na moshi.

Seline aliinama karibu nayo. "Apiyo," akasema.

Injini ikapiga chafya ya oili, ikanyamaza. Kisha ikaanza kunguruma taratibu, kama mtu aliyeshiba.

"Apiyo ni nani?" Nelima akauliza.

"Marehemu mama yangu. Yeye na wamama wenzake ndio walinunua hii kitu, wakauza mahindi yao mpaka ikafika. Bwana Gordon walimtuma kuandikisha, maana alikuwa anajua kusoma. Akaandikisha kwa jina lake."

Wote wakamtazama Gordon. Gordon akaitazama injini.

"Hayo ni ya zamani," akasema. "Kama inataka Apiyo, ikuwe Apiyo. Bora isage."

Habari haikawii kufika. Kabla ya wiki kwisha, Maseno walileta cherehani zilizokuwa zikilia, na Luanda Kotieno wakaleta injini ya boti, ambayo haikutulia mpaka ilipopewa jina la mchungaji marehemu. Karakana ikajaa. Nelima aliita majina, Walubengo alikaza nati, na Walubengo huyohuyo akasikika akipiga mluzi. Kimilili haikutajwa tena, na Nelima alifurahi hata akawanunulia watoto mandazi bila sababu.

Jumamosi kulikuwa na sherehe ya jina huko Kisian. Kuku walichinjwa, kinubi cha nyatiti kikapigwa, na Nelima akacheza mpaka jasho likamlowesha gauni. Apiyo aliwajua wanawake wote. Kila aliyefika na debe lake, injini ilishusha sauti ili wasalimiane vizuri.

Zamu ya Seline ilipofika, akaweka kiganja juu ya chuma. "Oyawore, Mama," akaamkia. Alikuwa ameleta mahindi nusu debe. Injini ikamsagia unga laini, wa moto, ikausukuma na kuusukuma mpaka debe likajaa na kumwagika. Wanawake wakapiga vigelegele.

Gordon, aliyekaa mlangoni na kopo la senti, akachungulia debe, akaona limejaa, akamtoza bei ya debe zima. Seline akalipa.

Nelima alitaka kusema. Neno lilikuwa limeshafika ulimini. Halafu akakumbuka kwamba Gordon ameahidi kuwaletea injini zake nyingine wiki ijayo, akalimeza, akarudi kucheza, na ngoma ilikuwa tamu kweli.