Nishani za Mwana wa Odessa

Odessa Twyman alikuwa amezamisha mikono hadi viwiko katika shuka za watu, magadi yakizila nyufa za vidole vyake, Bibi Harcum, mzungu wa maktaba, alipomwita kutoka barabarani. Uani hakuingia, alivaa viatu vyeupe.

"Shangazi Odessa! Mji unataka kumuenzi kijana wako. Lete zile nishani tuziweke kwenye kabati la kioo. Upitie mlango wa nyuma, si unajua."

Odessa alijua. Mtu mweusi aliikanyaga maktaba ile akiwa na ufagio mkononi, basi. Na mwanamke mweusi mtu mzima wazungu walimwita Shangazi, wasije wakamwita Bibi.

Lucius, mwanawe, naye alijua. Jeshi la majini la Marekani lilimpokea, likampa sinia. Miaka minne alimimina kahawa na kung'arisha viatu vya maofisa. Mizinga aliitazama kama mtoto atazamavyo peremende dirishani. Siku mabomu ya Wajapani yalipoinyeshea meli ndipo alipougusa mzinga, maana waliokuwa wakimkataza walishakufa. Akabeba makombora mpaka maji yakamfunika. Zikaja nishani mbili.

Kesho yake baada ya kuitwa na Bibi Harcum, Odessa akavaa koti la kanisani, akazibandika kifuani, akapanda ngazi za mbele za maktaba. Akaketi chini ya bendera.

"Shangazi, ziweke kabatini," Bibi Harcum akanong'ona. Wasomaji wote walikuwa wameinua vichwa.

"Kabati si ndimi? Anayetaka kuziona, anione."

Akaitwa polisi, Gaskins.

"Inuka, Shangazi."

"Shangazi tena! Basi baba yako ni kaka yangu, na marehemu ni binamu yako. Vua kofia umlilie."

Nyuma ya gazeti mtu akajikohoza kuficha kicheko. Masikio ya Gaskins yakaiva. Akatoa pingu, akasita: mpiga picha wa gazeti, aliyekuja kwa ajili ya kabati, alikuwa mlangoni.

"Zivue kwanza."

"Zivue wewe. Mwanangu alizipata kwa kufa. Wewe angalau utoke jasho."

Akahangaika nazo kwa vidole vinene. Pini ikamchoma.

"Pole, mpwa wangu," Odessa akasema.

Wakamtoa kwa mlango wa nyuma, mikono imefungwa. Alipopitishwa kando ya kabati, Bibi Harcum alikuwa akizilaza nishani juu ya mahameli, mbele ya kadi iliyokwisha kuandikwa tangu juzi, wino umekauka: *Zimetolewa na mama yake, kwa moyo mkunjufu.*