Luteni Twende

"Simama wima, nisije nikakuchoma," mama alisema, sindano ikiwa imebanwa kwenye meno.

Luteni alisimama wima katikati ya chumba. Mama alikuwa akishonea kipande cha kitambaa kigumu nyuma ya mfuko wa kushoto, maana nishani ya kwanza ilikuwa imeshauvuta ukalegea, na mchana huo alikuwa anavishwa ya pili.

"Chuma kizito hiki," mama alisema. "Wakikupa cha tatu nitakutia viraka kama gunia."

Nje uani, mdogo wake, kitinda mimba wa nyumba ile, aliruka juu ya stuli. "Twende!" Kuku wakatawanyika. Akageuka, akairuka tena. "Twende!"

"Na yule ameanza tangu alfajiri," mama alisema. "Kuku wangu hawatataga mwezi huu."

Luteni hakucheka. Neno hilo ndilo lilikuwa jina lake sasa. Watoto wa mtaani walimkimbilia wakiliimba. Kinyozi wa pale kona alikuwa amelipaka kwa rangi nyekundu juu ya mlango wake. Hata mama, akijisahau mbele ya wageni, alisema, "Twende wangu amekuja likizo." Kila alipolisikia, Luteni alihisi kama mtu amemfunulia shuka amelala.

Chuoni walikokuwa wakifundishwa uofisa, mkufunzi alikuwa na amri yake moja iliyowachosha wote: ukitoa amri, taja kwanza upande, kisha umbali, kisha la kufanya. Luteni aliijua vizuri kuliko wenzake. Aliwafundisha askari wake hivyohivyo, wakaizoea.

Halafu ikaja siku ya kile kilima. Walikuwa wamelala kwenye handaki walilolichimba wenyewe, nyasi zinaungua mbele yao, na rashasha ya adui inakata udongo ukingoni kama jembe. Nyuma yao, bondeni, kulikuwa na kijito. Luteni alikiona kile kijito na hakuona kitu kingine tena. Aliinuka, akapiga ukelele, "Twende!" na akatimua mbio kukielekea.

Hakutaja upande.

Alikimbia mpaka akashangaa kwamba hasikii viatu nyuma yake. Alipogeuka, aliiona migongo ya askari wake ikipanda kilima, inaingia kwenye moshi. Mbele ya wote alikuwa yule waliyemwita Mrefu, mpiga filimbi wao, mtu mwoga wa kuachwa. Hata kwenye foleni ya chakula alikuwa akisukuma. Luteni akarudi, akawafuata. Alipofika juu, adui alikuwa ameshakimbia, Mrefu amelala chali, amekufa, na sajini amepiga magoti, akimfungua mkanda taratibu kama anayemvua mtoto aliyesinzia. Sajini aliinua macho. "Tulikusikia, afande," alisema, akayashusha.

Taarifa ikaandikwa kwamba aliongoza. Hakuiandika yeye. Alisimama tu kimya ikisomwa, na kimya kile kikawa ndiyo saini yake.

"Haya, nimemaliza," mama alisema, akakata uzi kwa meno.

Luteni akatoka uani. Mdogo wake alikuwa ameshavaa suruali yake nzuri, begi dogo liko mlangoni. Baada ya gwaride, lori lingewachukua makuruta hadi kambini, na huko kesho wangekula kiapo. Akishaapa, basi, hakuna kurudi.

"Keti nikwambie kitu."

"Nikiketi suruali itakunjamana, kaka."

"Keti bwana."

Kijana akaketi kwenye ncha ya stuli. Luteni akachuchumaa mbele yake, akashusha sauti ili mama asisikie. "Siku ile kilimani, nilikuwa nakimbia."

"Sasa nani hajui?"

"Nilikuwa nakimbia kurudi nyuma. Niliposema twende, nilimaanisha tukimbie. Wao wakaelewa vingine."

Kicheko kikamtoka mdogo wake, kicheko cha kumpenda mtu. "Kaka wewe! Mama aliniambia utajaribu kunizuia. Lakini kujitukana hivyo ili mimi nibaki nyumbani? Ndiyo maana askari wako wanakupenda." Akasimama, akaipigapiga suruali, akamsaidia kaka yake kuinuka.

Luteni alikuwa ameutoa ukweli ulivyo, nao ukageuka nishani nyingine.

Uwanjani watu walijaa. Jenerali alibandika nishani ya pili juu ya mfuko, na kitambaa cha mama kikashika vizuri. Ilisomwa tena ile taarifa ya kilimani: "…aliyetangulia mbele ya askari wake bila kujali uhai wake…" Sajini alisimama mstari wa nyuma, kofia mkononi, akitazama ncha za viatu vyake.

Jenerali akamsogezea Luteni kipaza sauti. "Waage makuruta. Neno moja tu linatosha, unalijua!"

Umati ukacheka, ukanyamaza, ukangoja. Luteni alifungua mdomo. Upande, alifikiri. Umbali. La kufanya. Kipaza sauti kikatoa mluzi, na umati, ukidhani machozi yamemkaba, ukamsaidia kwa sauti moja: "Twendeee!"

Makuruta wakakimbilia lori. Mdogo wake, mguu mmoja umeshapanda, alimwona sajini pembeni akifunga turubai.

"Afande, wewe ulikuwepo. Eti kaka alikuwa anarudi nyuma?"

Kamba ikasimama mkononi mwa sajini. "Nani kakwambia?"

"Mwenyewe."

Sajini alimtazama Luteni, aliyekuwa amesogea karibu sasa na kusikia yote. Alimtazama kama mtu anayeombwa kitu ambacho hakupewa kukitunza. "Sisi tulisikia twende," alisema, "tukaenda."

"Na yeye?"

"Moshi ulikuwa mwingi, kijana. Panda, unawazibia wenzako."

Kijana alipanda. Lakini hakwenda kukaa ndani na wenzake. Alibaki palepale nyuma, ameshika ubao, na ile furaha ya asubuhi ilikuwa imemtoka usoni. Injini ikanguruma. Watu wakaimba jina. Yeye peke yake hakuimba. Alimtafuta kaka yake kwa macho, akanyoosha kidole mbele, kule lori linakokwenda. Kisha akakinyoosha nyuma, kule nyumbani. Akafungua kiganja, akiuliza.

Luteni akainua mkono. Aliunyoosha juu ya vichwa vya watu, moja kwa moja, kuelekea nyumbani, akaushikilia hivyo mpaka bega likauma na nishani mbili zikagongana kifuani.

"Mwoneni anavyomuaga mdogo wake," mwanamke mmoja alisema, na watu wote waliokuwa karibu wakainua mikono yao, wakapunga.

Lori likapunguza mwendo kwenye kona. Kabla halijapotea nyuma ya ukuta, Luteni aliona mguu mmoja, wa suruali nzuri, umetoka nje ya ubao, unaning'inia juu ya vumbi.