Mafua ya Babu Tarjei

Wako watu wanaoogopa nyoka, na wako wanaoogopa chafya. Synne alikuwa wa hawa wa pili, na aliyemtia woga huo ni babu yake mwenyewe, mzee Tarjei wa kijiji cha Skredvang.

Alimlea tangu mama yake alipofariki, mtoto ana miaka saba. Siku moja alimwona akipanda kilima nyuma ya kondoo, akafika juu anaimba, hahemi. Kesho yake mzee akashuka mjini kununua saa ya kupimia mbio. Tangu hapo, majira ya baridi yakiingia, kanisani walikaa benchi la mwisho karibu na mlango. Mtu akipiga chafya, hao wanatoka kabla ya baraka.

"Tarjei, huyo mtoto ni yai?" watu wa bondeni walimtania.

"Si yai. Ni mapafu yanayotembea."

Walicheka mpaka Synne alipofika miaka kumi na sita, akawaacha wasichana wa nchi nzima katika mita elfu moja na mia tano. Hapo wakaanza kusema ni mtoto wao.

Sasa ana miaka ishirini na mmoja, anaishi mji wa Bergen chini ya kocha Vegar, mtu anayetoboa sikio la mwanariadha katikati ya mazoezi, akapima tone la damu na kumwambia apunguze mwendo au aongeze. Kiangazi kilichopita alikuwa wa tano Ulaya. Mwezi wa tatu uliokuwa unakuja kungekuwa na mashindano ya dunia ya uwanja wa ndani, na safari hii hata wazungumzaji wa redioni, watu wagumu kusifu, walitaja dhahabu. Kwa hiyo sheria ya Vegar ilikuwa moja: mwenye mafua asisogelewe, awe mchumba, awe mzazi.

Mwezi wa kumi daktari alimwambia Tarjei kwamba mapafu yake yamekauka kama ngozi ya kiatu kilichosahauliwa juani. Dawa hakuna. Labda atauona mwezi wa tatu, labda hatauona.

"Ugonjwa huu unaambukiza?"

"Hata kidogo."

"Basi si mbaya," akasema mzee, akaendesha gari mwenyewe hadi nyumbani.

Jumapili mchana Synne akapiga simu, kama kawaida yao.

"Kitendawili!" akasema mzee.

"Tega."

"Hukua kichwa chini, jua likimsalimu anakufa."

"Popo!"

"Popo gani wa kufa na salamu? Nipe mji."

"Nakupa Bergen."

"Nimekwenda Bergen, nimekuta mvua tupu, nimerudi nimelowa. Ni barafu inayoning'inia..." Kikohozi kikamkata.

"Babu, unakohoa?"

Watu wa bonde lile wana ugonjwa wao. Mtu akikatwa mguu atakwambia amekwaruzika. Tarjei naye akasema, "Mafua kidogo tu."

"Mafua? Jumamosi nilikuwa nije." Sauti yake ilishuka. "Basi nisubiri upone kwanza, babu."

Simu ilikuwa imeshakatika ndipo mzee alipong'amua. Katika maradhi yote ya kitabu cha daktari, amechagua lile moja tu linaloweza kumzuia mjukuu wake. Mlango kaufunga kwa mdomo wake mwenyewe.

Solfrid, muuguzi aliyemletea mtungi wa hewa kila Jumanne, alimshika mkono. "Mwambie ukweli."

"Nikimwambia atakuja."

"Kwani wewe hutaki aje?"

"Nataka nimkumbatie mara moja tu. Sitaki kingine. Lakini yule akija hataondoka. Atakaa hapa anipikie uji mpaka nife, na mwezi wa tatu utampita. Ashindane kwanza, ndipo nimwambie."

"Na kama mwezi wa tatu utakupita wewe?"

"Nitaungoja."

"Una kichwa kama jiwe la kusagia. Ningepiga simu mimi, ila kazi yangu hainiruhusu kutoa siri ya mgonjwa."

Kila Jumapili mzee alikuwa na mafua mengine mapya. Siku ya pili ya Krismasi Synne alikuja, Vegar amempa ruhusa ya muda wa saa mbili tu. Alisimama uani, theluji magotini, kitambaa puani. Mzee alivua mirija ya hewa, akauficha mtungi nyuma ya pazia, akafungua dirisha upana wa vidole viwili. Walikula hivyo nyama ya kondoo ya sikukuu: yeye kitini ndani, mtoto ngazini nje, sahani mapajani.

"Umekonda, babu."

"Wewe je? Mimi nakonda kwa uzee, wewe kwa kukimbia. Tuone nani atatangulia kumaliza."

"Mzee mchokozi wewe!"

Alivyocheka alifanana na mama yake. Tarjei akashindwa kujizuia. Alijikokota mpaka mlangoni, akakamata kitasa, akafungua. Neno moja lilikuwa limemjaa kinywani. Lakini Synne, alipouona mlango unafunguka, alirudi nyuma hatua tatu, upesi, bila kufikiri, kama alivyofunzwa kanisani.

Mzee akaufunga polepole. "Nilitaka kukuona vizuri tu," akasema.

Mwezi wa tatu ulimkuta hai, lakini kitandani, kitanda kimeletwa sebuleni mbele ya televisheni. Solfrid alikaa kando yake. Synne alikimbia wa nne, akapanda wa tatu, na mzunguko wa mwisho akawapita wote.

Mwandishi akamsogezea kipaza sauti. "Sasa utapumzika nyumbani?"

"Kesho tunakwenda mazoezi milimani Hispania, wiki tatu. Babu yangu bado ana mafua." Akaitazama kamera. "Babu, pona basi! Unanichelewesha."

Solfrid akageuza uso.

Haikupita nusu saa simu ikalia. Solfrid akamwekea sikioni.

"Babu, umeniona?"

"Nimekuona. Mita mia mbili za mwisho... ulichelewa kutoka."

"Nimeshinda na bado unanikosoa! Kifua je?"

Mwezi wa tatu umefika, hakuna tena cha kungoja. "Synne," akasema, "hii si..." Akaitafuta pumzi ya kumalizia, asiipate. Kikamjia kikohozi, kirefu, kikampinda kama upinde.

"Ee, bado kikali hivyo? Usiongee, babu, unajiumiza. Nenda kalale. Nikishuka mlimani nitakupigia." Akakata, kwa huruma.

Solfrid alimfuta mdomo. "Niruhusu nimwambie mimi."

Mzee akaitikia kwa kichwa.

Solfrid alipiga. Simu ilikuwa imezimwa, maana washindi walikuwa wamepelekwa chumba cha kupimwa dawa za kuongeza nguvu, na huko simu haziruhusiwi. Akampigia Vegar, haikupokelewa. Akaacha ujumbe.

"Tutampata tu, mzee. Wewe vuta hewa."

Televisheni ilirudia mbio zile, sauti imefungwa. Tarjei aliangalia mizunguko miwili, kisha macho yakachoka. Jikoni Solfrid alikuwa akipiga tena, na tena. Mzee alitega sikio. Hakumsikia akimsalimu mtu.