Splita ya Mkutano wa Amani

Mkutano wa amani ulikuwa karibu kuvunjika kwa sababu ya waya, na mtu asikudanganye ilikuwa kwa sababu nyingine. Ilikuwa Machi 2008. Wakubwa wa siasa walikuwa wameshapeana mikono kwenye televisheni, na makanisa ya mitaa ya Kawangware na Kibera yakaona nayo yaombe pamoja kwenye uwanja mmoja. Kuhusu uwanja walielewana, kuhusu kwaya wakaelewana. Walipofika kwenye vyombo vya sauti, kila upande ukakunja uso. Wa Kibera hawakutaka maneno yao yapite kwenye mashine ya sauti ya Kawangware, na wa Kawangware walisema afadhali wahubiri kwa mdomo mtupu kuliko kutumia jenereta ya Sarang'ombe, kule Kibera. Watu wazima hao, Biblia kwapani, wanagombania umeme.

Kamene ndiye aliyewatoa hapo. Alikuwa fundi wa sauti wa kanisa moja la Kabiro, upande wa Kawangware, mwanamke wa Machakos asiyeogopa kamati. Kabla ya uchaguzi alikuwa akifanya kazi za harusi na matanga pamoja na Shiundu wa Sarang'ombe, mashine moja, meza moja. Tangu ghasia za uchaguzi zianze hawakuwa wameonana.

"Kila upande ulete mashine yake na spika zake," akawaambia. "Tununue splita. Maiki ni moja, inaingia kwa kisanduku, halafu sauti inatoka mara mbili. Nyinyi mnashika yenu, wao wanashika yao."

Mzee Nderitu, mwenyekiti wa upande wa Kawangware, alisema hiyo ndiyo akili. Nderitu ndiye pia aliyekuwa mwenye ploti ya nyumba za kupanga ambamo Kamene aliishi, mtaa wa Kongo hapo Kawangware, kwa hiyo sifa zake zilikuwa na uzito.

Lakini Kamene alikuwa na lake moyoni. Nabalayo, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alifukuzwa kwenye ploti hiyohiyo katika ghasia za Januari na nguo alizovaa tu, akakimbilia kwa dada yake Kibera. Sasa alikuwa amepiga simu. Amepewa nafasi ya kusema kwenye mkutano, na anataka kuwauliza watu wa Kawangware, mchana kweupe, kama anaweza kurudi nyumbani.

"Watanisikia?" aliuliza.

"Watakusikia wote, mama. Hiyo niachie mimi."

Siku ya kununua splita Kamene alikutana dukani, mjini, na Shiundu, aliyetumwa na upande wa Kibera. Walisalimiana kama watu wasiojuana waliokutana kwenye foleni ya hospitali.

"Niaje, Kamene."

"Poa. Kwako wazima?"

"Wako."

Muuzaji akawawekea visanduku viwili. Cha kwanza kilikuwa chepesi na cha bei rahisi, ndani ni waya tu uliogawanywa. Shiundu alikirudisha bila hata kukifungua. "Na tuko na jenereta mbili? Hii itanguruma mpaka watu waende nyumbani." Alisema kweli. Ukiunganisha mashine mbili zenye umeme tofauti kwa waya mtupu, ngurumo inaingia kwenye spika na huitoi. Cha pili kilikuwa kizito, kina transfoma, ili sauti ivuke upande wa pili na umeme ubaki kwao. Wakakiinamia wote wawili, na kwa muda kidogo wakawa mafundi tu.

"Iko na matundu matatu ya kutoa," Kamene akasema. "Moja ni direct, haipiti transfoma, mbili ni za transfoma. Ukipatia upande mmoja direct, wale wengine watasema wamepewa makombo."

"Nawajua wa kwetu. Watauliza mbona wao ni namba mbili."

"Basi sote tuchukue za transfoma. Hiyo ya kwanza tuachie Mungu."

Shiundu akacheka, kicheko chake kilekile cha zamani, na Kamene akahisi machozi yanamlengalenga, akajifanya anakagua waya. Wakakubaliana spika ya jukwaani, ile ya msemaji kujisikia, iwe ya Shiundu, maana ya Kamene ilikuwa imepasuka.

Siku yenyewe kisanduku hakikunguruma hata kidogo. Jukwaa lilikuwa katikati ya uwanja, watu wa Kawangware huku, wa Kibera kule, spika za kila upande zikitazama watu wake. Wa kwanza kusimama alikuwa Wagaki, ambaye kinu chake cha kusaga unga kiliteketezwa Sarang'ombe. Alisimulia akilia. Upande wa Kibera wakawa wanapiga soga na kufungua soda, na Kamene akawachukia kwa roho yake yote.

Kisha akaja Nabalayo. "Mimi nilikuwa napanga Kongo," akaanza, "kwa ploti ya Mzee Nderitu."

Hakumaliza sentensi ya pili kabla Nderitu hajafika kwenye meza ya Kamene, akitabasamu kwa ajili ya wanaotazama. "Shusha sauti ya huyo."

"Mzee, si amepewa nafasi?"

"Ile nyumba yake iko na watu wengine. Unataka vita ianze hapa? Ama umechoka kukaa kwangu?"

Kamene akamtazama Shiundu ng'ambo ya jukwaa, akitaka msaada, hata wa macho tu. Shiundu alikuwa ameona yote. Akaonyesha kidole mahali alipokaa Wagaki, kisha akakiteremsha polepole juu ya mashine yake mwenyewe, akainamisha kichwa. Hapo ndipo Kamene alipoelewa kwamba wale wa soda hawakuwa na roho mbaya. Hawakuwa wamesikia neno la Wagaki.

Ingekuwa mashine moja, sauti ingekatika uwanja mzima na mtu angeuliza kulikoni. Kamene akateremsha kitufe chake cha sauti. Akavua na visikizio, maana hakutaka kusikia anachokizima. Jenereta iliyonguruma nyuma ya watu wa Kawangware ikameza mabaki ya sauti, na wakaanza kupiga soga. Nabalayo akaendelea kusema, akijisikia vizuri kabisa kwenye spika ya Shiundu.

Mkutano ulipokwisha alikuja mbio, akamkumbatia Kamene.

"Wamenisikia! Nimewaambia kama kuna mtu hataki nirudi, asimame, nitaenda zangu bila kinyongo. Hakuna aliyesimama! Hata mzee alikuwa anatabasamu. Kesho naleta watoto."

"Usilete watoto."

"Kwa nini?"

"Watu wa huku hawakukusikia, mama. Nilikuzima."

Nabalayo alicheka kwanza, akidhani ni utani. Kisha akaitazama mashine.

"Uliambiwa uzime?"

"Niliambiwa."

Nabalayo akaondoa mkono wake begani mwa Kamene. Watu wa Kawangware walikuwa wakitoka uwanjani, wengine majirani zake wa miaka mingi, na mmoja wao akampungia mkono. Naye akampungia.

"Labda hakuna ambaye angesimama," akasema.