Kidonge cha Shangazi Aoko

Caren alijua picha itamuumbua. Binadamu ni rahisi kumdanganya, lakini mashine ile inayouona ubongo bila kisu wala sindano, utaidanganya na nini?

Mwaka mzima alikuwa akimleta baba yake, mwalimu mstaafu Obonyo, kutoka Kisian hadi hospitali moja mjini Kisumu, kwenye utafiti wa dawa ya ugonjwa wa kusahau. Kidonge kimoja kila asubuhi, picha kila miezi mitatu. Ila vidonge vilikuwa vya mtu mmoja, na nyumbani wasahaulifu walikuwa wawili. Shangazi Aoko, dada ya Baba, ndiye aliyemlea Caren baada ya mama yake kufariki. Angempaje Baba dawa huku shangazi akitazama tu? Kwao mtu hali peke yake. Basi leo Baba, kesho shangazi. Wema wa kijinga, lakini wema.

Daktari Magdalene alifungua picha mbili kwenye kompyuta, ya mwaka jana na ya leo.

"Ubongo wa Mzee unazidi kusinyaa. Naona dozi haimtoshi. Tutampa mara mbili."

Caren akinyamaza, Baba atabebeshwa dawa nzito kwa kosa lisilo lake. Akisema, watatolewa kwenye utafiti, na dawa kwaheri.

"Daktari, usiongeze. Mzee amekuwa akimeza nusu. Hiyo ingine nilikuwa napea shangazi yangu, pia yeye anasahau. Nisamehe tu."

Alingoja kufokewa. Daktari hakufoka. Alivua miwani, uso umemsawijika, na hapo ndipo Caren alipoogopa kweli.

"Hizi picha si za kuona tu kama dawa inasaidia. Kuna wachache ambao dawa hii huwafanya wavuje damu kwenye ubongo. Baba yako tunamwangalia. Shangazi, nani amemwangalia?"

"Hakuna."

"Analalamika kichwa?"

Tangu Jumapili shangazi alikuwa amejifunga kitambaa kichwani, kimekazwa sana. Caren alimwambia ni jua. Asubuhi hii walimwacha bado amelala, mama wa kuamka na jogoo.

Alimpigia Lorine, jirani aliyeachiwa mgonjwa.

"Lorine, amsha shangazi. Haraka!"

"Caren," Lorine alijibu kwa sauti ndogo, "si nimekuwa nikimuamsha tangu saa tatu."